Barua ya wazi kwa wenye vipaza sauti wa Lucky Summer

Kwa: Walimu wakuu, wachungaji, maimamu, Chifu na Mwakilishi wa Wadi ya Lucky Summer, Eneobunge la Ruaraka, Nairobi

KUH: USIKU WA DARUBINI MTAANI KWETU, NA TAREHE MBILI ZA KUBANDIKWA UKUTANI

Waheshimiwa,

Mimi ni mkazi mwenzenu, mzazi ambaye watoto wake wanasoma katika mtaa huu.

Jumapili ya Desemba 31, 2028, mwezi mpevu utachomoza juu ya Lucky Summer ukiwa tayari umemegwa na kivuli. Mwendo wa saa moja na robo jioni utakuwa umefunikwa wote, ugeuke rangi ya shaba, na utakaa hivyo kwa muda wa saa moja na dakika kumi hivi kabla ya mwanga kuanza kurudi. Huo utakuwa usiku wa kuvuka mwaka. Watu watakuwa wakielekea makanisani kwa kesha, na kila mmoja atakuwa na simu mkononi. Mwezi mwekundu, usiku wa mwisho wa mwaka, siku ya Jumapili: anayetaka kuwatisha watu hatapata nafasi nzuri kuliko hiyo.

Nawaandikia mapema kwa sababu vipaza sauti vya mtaa huu viko mikononi mwenu. Mwalimu mkuu ana gwaride la asubuhi, mchungaji ana mimbari, imamu ana khutba ya Ijumaa, Chifu ana baraza, na Mwakilishi Wadi ana mikutano na ana sauti katika bajeti ya kaunti. Ombi langu ni moja, na mengine yote katika barua hii yanalifuata. Tuanze kuwakusanya watu wa Lucky Summer uwanjani usiku, wazee kwa watoto, mbele ya darubini, ili wajizoeze kupima maneno ya mtu yeyote anayedai kuijua kesho.

Hofu ina soko hapa kwetu. Someni karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za stima za mitaa ya Eastlands. Mganga kutoka Pemba, mganga kutoka Tanga, mganga kutoka Ukambani. Anarudisha mpenzi aliyetoroka, anashindisha kesi, anafungua biashara iliyokwama, anatoa namba za kubeti, anasafisha nyota iliyofungwa. Chini kuna namba ya simu. Anayepiga namba hiyo huambiwa kwamba ana adui, na mara nyingi adui huyo ni wa karibu: shangazi, mke wa kaka, jirani wa mlango wa pili, bibi kule nyumbani mashambani. Pesa zikishatumwa na mambo yasibadilike, anaambiwa adui ana nguvu zaidi, aongeze. Mwisho wa safari hiyo amepoteza akiba yake na amepoteza jamaa zake.

Wala madhara hayaishii kwenye pesa. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto huko Marani, Kaunti ya Kisii, baada ya kusingiziwa uchawi. Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hizohizo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka. Kule Kaya Godoma, Ganze, wazee waliofukuzwa makwao wamelazimika kutafuta hifadhi. Kisha mwaka 2023 tukaona Shakahola, ambako zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa msituni. Kwa mujibu wa upande wa mashtaka, watu hao waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Wengi wao hawakuwa wakazi wa Kilifi. Walisafiri kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wakiongozwa na maneno waliyoyasikia na ambayo hakuna aliyewazoeza kuyahoji.

Nasema hivi bila kumdharau yeyote anayekwenda kwa mganga. Anayekwenda huko si mjinga, amekwama. Hospitali imemwandikia dawa asizoweza kununua, kazi ya kibarua imekatika, mtoto hapati usingizi, kodi ya nyumba inakaribia. Anatafuta mtu wa kumweleza kwa nini. Ndiyo maana kumcheka hakusaidii, na kumhubiria kwamba ushirikina ni dhambi hakumpi njia nyingine ya kufikiri. Anachohitaji ni kipimo anachoweza kukitumia yeye mwenyewe, bila kumtegemea mchungaji, mwalimu, wala mimi ninayeandika barua hii.

Kipimo hicho hakifundishwi mahali popote vizuri kama angani, na sababu yake ni hii. Jumapili ya Septemba 7, 2025, mwezi ulipatwa juu ya Kenya. Saa za kupatwa huko zilikuwa zimechapishwa miaka mingi kabla: mwezi wote ungekuwa kivulini kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa tatu na dakika 52, jumla ya dakika 82. Kule ambako mawingu yaliruhusu, mtu yeyote mwenye saa ya simu angeweza kuhakikisha. Vivyo hivyo usiku wa Julai 27, 2018, mwezi ulikaa kivulini dakika 103, muda mrefu kuliko kupatwa kwingine kokote kwa mwezi katika karne hii. Ilikuwa imehesabiwa, ikaandikwa, na ikatokea kama ilivyoandikwa.

Fundi wa nguo akikuahidi suti ya harusi Jumamosi, Jumamosi itakapofika utajua kama ni mkweli. Tunamdai fundi tarehe, lakini anayedai kuona yajayo hatumdai. Yeye husema “hivi karibuni”, “msimu wako umefika”, “kuna kiongozi mkubwa atakayeondoka”. Maneno kama hayo hayawezi kukosea kwa sababu hayajasema kitu. Na pale anapotaja tarehe na tarehe ikapita bure, lawama humwangukia msikilizaji: imani yako ilikuwa haba, sadaka yako ilikuwa ndogo, ulimwambia mtu siri. Mwanaastronomia hana mlango huo wa kutorokea. Ameandika dakika. Mwezi usipoingia kivulini dakika hiyo, hesabu yake ni mbovu, na hakuna mtu wa kumlaumu ila yeye.

Mtakumbuka jinsi mwezi mwekundu ulivyogeuzwa bidhaa mwaka 2014 na 2015. Miezi minne ilipatwa mfululizo, mhubiri mmoja wa Marekani alikuwa ameandika kitabu kwamba hiyo ni ishara ya jambo kubwa litakaloitikisa dunia, na maneno hayo yakasambaa hadi kwetu. Kupatwa kwa nne kulikuwa alfajiri ya Septemba 28, 2015. Jua lilichomoza asubuhi ile kama kawaida, na kina mama wakafungua vibanda vyao. Walioogopa kwa mwaka mzima hawakupewa maelezo, na hawakurudishiwa walichotoa.

Kuna kisa cha zamani kinachoonyesha hatari ya elimu ya anga ikiwa mikononi mwa mtu mmoja tu. Mwaka 1504 Christopher Columbus alikuwa amekwama Jamaica, meli zake zimeoza, na wenyeji wamechoka kuwalisha mabaharia wake. Alikuwa na kitabu cha hesabu za mwezi kilichochapwa Ulaya, na humo akasoma kwamba mwezi ungepatwa usiku wa Februari 29. Akawaita wakubwa wa wenyeji, akawaambia kwamba Mungu wake amekasirika na atauondolea mwezi mwanga wake. Mwezi ulipoanza kugeuka rangi, watu walikuja mbio na vyakula. Columbus hakuwa na muujiza wowote. Alikuwa na kalenda ambayo wenzake hawakuwa nayo.

Nawaomba mkifikirie kisa hicho kwa makini, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Tarehe ileile, iliyofichwa mfukoni mwa mtu mmoja, ilikuwa fimbo ya kuwapigia watu. Ingekuwa imebandikwa mahali pa wazi wiki moja kabla, ingekuwa burudani ya usiku mmoja, na wenyeji wangempa Columbus chakula au wangemnyima kwa hiari yao. Ndiyo maana naomba elimu hii itolewe hadharani, uwanjani, kwa watu wote kwa pamoja. Mwanafunzi mmoja mwenye akili akijua peke yake, hatujamaliza kazi.

Najua baadhi yenu mtajiuliza kama jambo hili ni la kwetu au ni la wageni. Anga ni yetu tangu zamani. Wakulima wa pwani walikuwa wakikitazama Kilimia, kile kikundi cha nyota kinachoonekana vizuri usiku wa Desemba na Januari, ili kujua majira ya mvua na ya kulima. Mabaharia wa majahazi walikuwa wakisafiri usiku kwa nyota. Wafugaji wa Kiborana wa kaskazini mwa nchi wana kalenda inayofuata mwezi na nyota fulani, na wataalamu wao wanaijua kwa kichwa. Na sisi wa Nairobi tunaishi karibu na ikweta, kwa hiyo nyota za kaskazini na za kusini tunaziona zote, bahati ambayo mtu wa London hana.

Tuna pia mfano wetu wa jinsi fikra za kupima zinavyofanya kazi. Karibu na Kalokol, Turkana, kuna nguzo 19 za mawe mahali panapoitwa Namoratunga. Mwaka 1978 watafiti wawili kutoka Marekani waliandika kwamba nguzo hizo zilipangwa kuelekea nyota za kalenda ya Waborana, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Habari ilipendeza, na Mkenya yeyote angetamani iwe kweli. Lakini mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper alipima upya, akapata vipimo tofauti, akaandika kwamba hoja ile haisimami vizuri. Wengine wakaja wakapima tena, na mjadala ukaendelea. Hakuna aliyelaaniwa kwa kuuliza. Nataka watoto wa Lucky Summer wajue kwamba hata jambo tamu kuhusu sisi wenyewe linastahili kupimwa, na kwamba anayepima upya hawi msaliti.

Hata sayansi ya anga ya leo imepita kwetu. Mnamo Desemba 12, 1970, sikukuu ya Jamhuri, satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Walioirusha wakaiita Uhuru, kwa heshima ya nchi iliyowapa pahali. Vipimo vyake vilisaidia kukitambua kitu kinachoitwa Cygnus X-1, ambacho leo kinajulikana kuwa shimo jeusi. Mwaka 2018 ilirushwa 1KUNS-PF, satelaiti ndogo ya wahandisi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Aprili 15, 2023 ikafuata Taifa-1. Mtoto wa mtaa huu anayeambiwa kwamba anga ni ya Wazungu anaambiwa uongo.

Na anga yenyewe hutujia hata tusipoiita. Julai 16, 2011, mawe kutoka angani yaliangukia maeneo ya Thika baada ya mshindo mkubwa, si mbali na hapa. Wataalamu walipoyachunguza walikuta ni kimondo cha aina ya kawaida, mawe yaliyoumbika pamoja na Jua na sayari zake, takriban miaka bilioni 4.5 iliyopita. Kisha Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Fikirieni pete hiyo ingeanguka hapa, kati ya ploti zetu, usiku. Tungesikia mangapi kabla ya kupambazuka? Kule Mukuku, Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilifika, likalifunga eneo, likapima, na likatoa taarifa kwamba ile ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Lilisema pia kwamba uchunguzi wa kujua roketi ilikuwa ya nani bado unaendelea. Hivyo ndivyo mwenye mamlaka anavyopaswa kusema na watu: hili tunalijua, tumelijua kwa njia hii, na lile bado tunalichunguza.

Sasa nizungumze na ninyi wachungaji na maimamu, kwa unyenyekevu, kwa sababu naomba msaada wenu na sitaki mnisikie vibaya. Sisemi watu waache kuamini. Nasema imani ya kweli haihitaji hofu ya uongo, na vitabu vyenu vimenitangulia kusema hivyo. Katika mwaka wa 10 wa Hijra, Mtume Muhammad alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa msiba wake. Mwanasiasa au nabii wa leo angeyaacha maneno hayo yaenee. Mtume aliyakataa. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mungu, na havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Kisha akaswali na watu. Katika Biblia, nabii Yeremia, sura ya 10, anawaonya watu wa Mungu wasitishwe na ishara za mbinguni kama mataifa mengine yanavyotishwa. Na aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka alikuwa padri Mbelgiji, Georges Lemaître. Mnayo basi ruhusa ya kidini, na ya zamani sana, kusimama mimbarini na kuwaambia watu: mwezi utakuwa mwekundu Desemba 31, tunajua kwa nini, msitumie mtu pesa kwa sababu hiyo.

Kwa nini utakuwa mwekundu? Dunia itapita katikati ya Jua na Mwezi. Kivuli chetu kitauangukia mwezi, lakini si mwanga wote utakaozuiwa. Mwanga unaopita ukingoni mwa Dunia, ndani ya hewa yetu, hupindwa kidogo kuelekea ndani ya kivuli. Hewa huitawanya rangi ya samawati na kuiacha nyekundu ipite, jinsi tunavyoona jua linapotua. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuieleza habari hiyo kwa tochi na mpira, na akishaieleza mara moja hatatishwa nayo tena.

Walimu wakuu, mtaala wetu wa umilisi unataja kuwaza kwa kina na kutatua matatizo kuwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Mnajua ugumu wa kuufundisha umilisi huo ubaoni. Darubini hurahisisha, kwa sababu inamtaka mtoto aandike alichokiona kabla ya kuambiwa alipaswa kuona nini. Mnamo Januari 1610 Galileo Galilei aliielekeza darubini yake kwenye sayari ya Mshtarii, akaona vitone vya mwanga kando yake, akavichora. Usiku uliofuata vilikuwa vimehama, akachora tena. Baada ya siku chache aliona kwamba viko vinne na kwamba vinauzunguka Mshtarii. Kimojawapo, Io, humaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu hivi. Wakubwa wengi wa wakati ule waliamini kila kitu angani kinaizunguka Dunia, na jibu lilikuwa kwenye karatasi za michoro. Darubini ndogo ya leo, au hata darubini nzuri ya macho mawili iliyotulizwa juu ya ukuta, huonyesha vitone hivyo. Mpeni mtoto karatasi kwa siku tatu mfululizo na mumwache agundue mwenyewe.

Hiyo ndiyo sababu napendekeza usiku wa kwanza uwe Jumamosi ya Februari 13, 2027. Miezi ya Januari na Februari anga ya Nairobi huwa na mawingu machache. Usiku huo mwezi utakuwa karibu na nusu, wakati ambapo vivuli vya milima na mashimo yake huonekana vizuri zaidi kuliko ukiwa mpevu, na Mshtarii utakuwa ukipanda mashariki wakati jua likitua. Watu watapata mambo mawili ya kuona katika jioni moja, na watoto watapata kazi ya kuchora hadi Jumatatu.

Nimefikiria vikwazo, maana najua mtavitaja. Cha kwanza ni usalama. Hakuna atakayetaka taa ya mulika mwizi izimwe, na sisi hatuombi izimwe. Mwezi na Mshtarii huonekana vizuri hata chini ya taa za mji, na kinachohitajika ni kona moja ya uwanja isiyomulikwa moja kwa moja. Cha pili ni moshi. Dampo la Dandora likiwaka upepo huuleta huku, na kuna jioni ambazo anga hufifia kabisa. Tutenge basi Jumamosi ya akiba. Na watoto watakaouliza kwa nini nyota hazionekani Lucky Summer kama zinavyoonekana kwa nyanya zao watakuwa wameuliza swali ambalo nasi wakubwa tunapaswa kulijibu. Cha tatu ni gharama. Vifaa na watu wapo hapahapa Nairobi. Travelling Telescope, shirika la Susan Murabana na Chu Owen, limekuwa likipeleka darubini kwa watoto wa shule za Kenya kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha shahada ya astronomia na astrofizikia. KSA ni chombo cha umma. Wanachohitaji ni barua ya mwaliko yenye muhuri, uwanja, na mtu wa kuwapokea.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaomba, kila mmoja kwa nafasi yake.

Mwakilishi Wadi, andika barua hiyo ya mwaliko, na uipiganie bajeti ya kaunti ili shule za umma za wadi hii zipate angalau darubini moja ya kushirikiana. Darubini inayotunzwa vizuri hutumika miaka mingi.

Walimu wakuu, fungueni uwanja mmoja kwa jioni hizo, na muwaruhusu wazazi waingie. Mzazi akitazama pamoja na mtoto, mazungumzo yatafika nyumbani.

Chifu, na viongozi wa Nyumba Kumi, tupeni ulinzi wa kutosha ili kina mama na watoto warudi salama.

Wachungaji na maimamu, bandikeni tarehe mbili kwenye mbao za matangazo za makanisa na misikiti yenu. Ya kwanza ni Jumatatu, Agosti 2, 2027, ambapo jua litapatwa. Kivuli kamili kitapita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika hadi Luxor kule Misri, kisha Jeddah na Makka, Yemen, na ncha ya Somalia. Sisi hapa tutaona jua likiwa limemegwa sehemu tu, mchana. Ya pili ni hiyo Desemba 31, 2028.

Kuhusu Agosti 2, naomba tangazo lenu liwe na onyo la macho. Jua likiwa limemegwa bado huunguza jicho, na jicho halitoi maumivu ya kumwonya mwenyewe. Miwani ya jua ya kawaida, filamu za eksirei na beseni la maji si kinga. Tumieni miwani maalumu ya kutazamia kupatwa kwa jua, au njia isiyo na gharama: toboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu, lipe jua mgongo, na uache mwanga upite kwenye tundu na kuanguka juu ya karatasi nyingine. Utaona jua dogo lililomegwa limechorwa pale. Darasa zima linaweza kutazama hivyo bila kumwumiza mtoto hata mmoja. Ndugu zetu wa Tanzania walishatangulia. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na kubaki kama pete, maelfu walikusanyika Rujewa, Mbarali, kulitazama, baada ya wataalamu kama Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria kuwaeleza watu mapema kupitia magazeti. Nasi Kenya tuliwahi kupitiwa na kivuli kamili, Februari 16, 1980, kusini-mashariki mwa nchi. Mwenye wazazi waliokuwa upande huo awaulize waliambiwa nini siku ile.

Sidai kwamba mtu akishaona mwezi kwa darubini ataacha kwenda kwa mganga kesho yake. Daraja kati ya mambo hayo mawili hatuna budi kulijenga wenyewe, na naomba kila usiku wa darubini umalizike kwa maswali manne yasomwe kwa sauti, watu wakiwa bado uwanjani. Anayenitabiria ametaja siku na saa? Ninaweza kuhakikisha mwenyewe, bila kumtegemea yeye? Alipokosea mara ya mwisho, alikiri? Na nikimwamini, ni nani anayepata pesa? Watu wakishayauliza maswali hayo kuhusu mwezi, watayauliza kuhusu karatasi ya kwenye nguzo. Watayauliza kuhusu anayeahidi kazi ya Ghuba kwa ada ya awali, kuhusu ujumbe wa simu unaosema chanjo ni sumu, na kuhusu wanasiasa wakati wa kampeni. Watayauliza hata kwenu, waheshimiwa, na kiongozi mkweli hatakuwa na la kuogopa.

Naomba tukutane mapema, kabla ya mwaka huu kwisha, mahali mtakapopachagua, tupange usiku huo wa Februari. Nitakuja na wazazi wenzangu, na kazi ya kupanga viti, kuongoza foleni na kunakili matangazo tutaifanya sisi. Mkikubali, basi tutakapofika Desemba 31, 2028, kila nyumba ya Lucky Summer itakuwa na tarehe, saa na sababu, na atakayepanda jukwaani kuuza hofu usiku huo atakuta watu waliokwisha kujua.

Wenu mwaminifu,

Mzazi na mkazi,
Lucky Summer, Nairobi